Njia ya Miguu ya Kerepakupai Merú

Maporomoko ya Kerepakupai Merú, ambayo ramani nyingi huyaita Angel, yako kusini-mashariki mwa Venezuela, katika mlima wa Auyán-tepui, na kwa urefu wake wa mita 979 huhesabiwa kuwa marefu kuliko yote duniani. Tepui ni mlima wa mwamba wa mchanga wenye kuta za wima na kilele bapa, ambao maji ya mvua hukusanyika juu yake kabla ya kumwagika bondeni. Wapemon, wenyeji wa eneo hilo, waliyajua maporomoko hayo kabla ya mgeni yeyote. Hata hivyo vitabu vingi huanza habari zake mwaka 1933, pale Jimmie Angel, rubani wa Kimarekani aliyekuwa akitafuta dhahabu, alipoyaona akiwa angani. Mazoea hayo yameifunika sehemu iliyo nzito zaidi ya historia hiyo, ambayo ilipitwa kwa miguu.

Tarehe 9 Oktoba 1937 Angel alirudi pamoja na mkewe Marie, Gustavo Heny na Miguel Delgado, akatua juu ya mlima kwa ndege iliyoitwa El Río Caroní. Uwanda ulioonekana mkavu kutoka juu ulikuwa wa tope: magurudumu yalizama, pua ikadidimia, na ndege haikuweza kuruka tena. Dhahabu nayo haikupatikana. Iliwabidi wote wanne wateremke kwa miguu, kupitia nyufa za mwamba na vichaka vilivyofungamana, hadi wakafikia makazi ya watu baada ya siku 11. Inaelekea ni mkasa huo, zaidi ya kule kuyaona maporomoko kwanza, uliolieneza jina la Angel. Ndege yenyewe ilibaki kileleni hadi mwaka 1970, ilipoteremshwa kwa helikopta.

Kuyafikia maporomoko kutoka chini lilikuwa jambo jingine. Aleksandrs Laime, mzaliwa wa Latvia aliyehamia katika misitu hiyo, alishiriki kufyeka njia kutoka mtoni, na mwaka 1949 Ruth Robertson, mpigapicha na mwandishi wa Marekani, aliongoza msafara ulioyapima kwa theodolaiti, yaani kifaa cha kupimia pembe ambazo kwazo urefu hukokotolewa. Kazi hiyo isingewezekana bila Wapemon walioongoza mitumbwi na kubeba mizigo. Lakini katika maandishi ya wasafiri, yakiwemo yale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, katika pwani ya Tanzania, wapagazi hutajwa kwa idadi mara nyingi kuliko kwa majina.

Watalii wa leo hufuata takriban njia hiyohiyo. Huondoka kijiji cha Canaima kwa mtumbwi wa injini, wakaupanda mto Carrao na kisha Churún kwa saa nne hivi, halafu hukwea msituni kwa saa nzima au zaidi hadi Mirador Laime, mwamba wa kutazamia uliopewa jina la Laime. Mwendo si mrefu, ila chini ya miti hakuna upepo, mizizi iliyosukana juu ya ardhi huteleza, kila hatua hutafutiwa pa kukanyaga, na shati hulowa jasho kabla ya kulowa mvua. Safari hiyo hutegemea masika, maana wakati wa kiangazi mto hupungua na mitumbwi hukwama maweni; wageni wa miezi hiyo hupelekwa kwa ndege ndogo, na mawingu yakiufunika mlima hurudi bila kuyaona maporomoko.