Vipande na Pindo

Katika Kiswahili chetu neno "kiraka" halina heshima kubwa. Mtu mwenye nguo ya viraka ni maskini, barabara ya viraka ni mbovu, na kazi ya viraka ni kazi isiyo na mpango. Ni katika mpira wa miguu tu ambako mchezaji kiraka husifiwa, kwa kuwa anaweza kuchezeshwa popote palipopungua mtu. Mimi nashona viraka kwa miaka mingi sasa, hapa Masasi nilikoolewa na kule Newala nilikozaliwa. Sishoni ili niuze. Nashona kwa sababu napenda, jioni, kazi za shamba na za nyumbani zikiisha. Katika insha hii nataka kumweleza msomaji kwa nini nimefika mahali pa kuamini kwamba neno hili limedhulumiwa, na kwamba historia ya nguo katika nchi yetu ya kusini ni historia ya vipande vilivyounganishwa.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Kamusi zina neno "mfarishi", lakini huku kwetu nasema shuka la viraka na kila mtu ananielewa. Lina matabaka matatu. Juu ni vipande vilivyoungwa kimoja kwa kingine, katikati ni pamba, sufi au blanketi kuukuu, na chini ni kitambaa kizima. Matabaka hayo hushikizwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayopenya yote matatu, kisha kingo hukunjwa pindo. Vipande navipata kwa mafundi cherehani, hasa msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hadi Desemba, watu wanapokuwa na fedha na kila nyumba inashonesha kitenge. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa Newala unapokuwa na baridi na upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, hakuna anayeuliza tena shuka lile lina faida gani.

Sasa tuitazame kanga, ambayo hakuna anayethubutu kuiita kiraka. Wazee wa pwani husimulia kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, yaani vitambaa vya mkononi vilivyopigwa chapa, neno lenyewe likitokana na Kireno. Leso hizo ziliuzwa zikiwa hazijakatwa, zimefuatana katika kipande kirefu cha nguo. Mwanamke alichukua leso sita, akazikata mara mbili, tatu huku na tatu huku, akaziunga ubavu kwa ubavu, akapata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona wateja wao wanavyofanya, wakaagiza nguo iliyopigwa chapa ikiwa nzima tayari. Ndivyo tulivyopata kanga yenye pindo, mji na, baadaye, jina. Huko Mombasa Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zikajulikana pwani nzima. Mwanzo wa kanga, basi, ni sindano ya mwanamke aliyeunga vipande.

Kabla ya kanga kulikuwa na kaniki kutoka India, na kulikuwa na merikani. Merikani ni nguo ngumu ya pamba isiyopaushwa, iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Marekani na Seyyid Said walitiliana mkataba wa biashara mwaka 1833, na kwa muda wa kizazi kizima nguo hiyo ilikuwa kama fedha katika bara letu. Pamba iliyofumwa kule kaskazini ya Marekani ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Nguo ikavuka bahari, ikabebwa na misafara mpaka nchi za Ziwa Nyasa, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Watu hao wakapitishwa katika nchi hii hii yetu kuelekea Lindi na Kilwa Kivinje. Kwa hiyo mtumwa wa Marekani alichuma pamba, na pamba ile ile ikamnunua mtumwa mwingine huku.

Wamakonde walikaa juu ya uwanda huu kwa sababu vichaka vyake vizito viliwaficha. Juu hapakuwa na maji. Wanawake walishuka makorongo na kupanda tena na mitungi kichwani, na taabu hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya usalama. Bibi zetu walikaa juu ya kiu ili wasiuzwe kwa doti ya merikani. Hilo hunijia kila ninaposimama Shimo la Mungu pale Newala, na kuona jinsi ardhi inavyoporomoka kuelekea bondeni.

Masasi nayo ina kisa chake. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Unguja, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, wake kwa waume, wakapitia Lindi. Shabaha ilikuwa kwenda mbele kuelekea Nyasa. Walipofika chini ya milima ya mawe ya Masasi walikaa, wakalima, wakajenga. Walikuwa watu waliozaliwa nchi mbalimbali za bara, kila mmoja amechanwa kutoka kwao, na sasa wameungwa mahali pamoja. Baadhi ya wanawake waliokuja kuishi katika vituo vya misheni huku bara walikuwa wamelelewa Mbweni, Unguja, katika shule ya wasichana waliokombolewa, ambako walijifunza kusoma na kushona. Mafunzo ya sindano yalikuwa na makusudi yake, kwani wamisheni walitaka wake wa walimu na wa makasisi wawe wa namna fulani. Hata hivyo ujuzi ukishaingia mkononi ni wa mwenye mkono.

Kazi ya Masasi haikwenda moja kwa moja. Mwaka 1882 Wangoni, ambao hapa waliitwa Magwangwara, walikivamia kijiji. Baadhi ya watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na misheni ikahamia Newala kwa Matola. Baadaye watu wakarudi Masasi. Agosti 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto. Watu wakarudi tena. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, Vincent Lucas akiwa askofu wake wa kwanza. Mara mbili katika muda wa miaka 30 kazi iliachwa nusu, na mara mbili iliokotwa kutoka pale ilipofika. Sidhani kuna mshonaji asiyeelewa historia ya namna hiyo.

Kwani kila mwenye kazi hii ana mfuko wa mashuka yaliyosimama. Moja limesimama kwa sababu uzi wa rangi ile umekwisha dukani, jingine kwa sababu mvua zilianza na jembe likaita, jingine kwa sababu mtoto aliugua. Wenzangu katika kikundi chetu cha akina mama huwa nao pia. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini hawakusema ni lini. Kwa miaka mingi nimeangalia kazi hizi husimama mahali gani, na nimegundua kwamba mara nyingi husimama pale pale. Kuunga vipande ni raha, kwa sababu kila siku rangi mpya huonekana. Ugumu huanza unapotaka kuyalaza matabaka matatu bila kukunjamana, na huzidi unapofika kwenye pindo.

Shuka langu la kwanza nililiona kwa mama. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi yetu iliingia katika uhaba mkubwa wa bidhaa. Sabuni, chumvi na nguo vilipatikana kwa kupanga foleni kwenye duka la kijiji, na doti ya kanga ikifika iligawiwa kwa majina. Mama alizichana kanga zake zilizokwisha, akachukua sehemu zilizobaki nzima, akaziunga juu ya blanketi lililotoboka. Tulilala chini ya shuka hilo watoto wanne. Kuanzia mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mitumba ikaanza kuingia. Kila mtu akataka kusahau viraka haraka, kama mtu anavyotaka kusahau njaa. Shuka la mama likaondoka kitandani, likawa la kuanikia mihogo.

Miaka mingi baadaye nikasoma juu ya wanawake wa Marekani, wajukuu wa wale waliochuma pamba. Harriet Powers alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1837. Alishona mashuka yenye picha za hadithi za Biblia, na mawili yanahifadhiwa leo katika makumbusho, moja Washington na jingine Boston. Lile la kwanza aliliuza mwaka 1891 kwa dola tano, maisha yakiwa yamembana. Huko Alabama mwaka 1966, wakati wa harakati za haki ya kupiga kura, wanawake weusi maskini walianzisha ushirika wao wa kushona mashuka ya viraka, Freedom Quilting Bee. Mwaka 2002 mashuka ya kijiji cha Gee's Bend, yaliyoshonwa kwa suruali kuukuu za shambani, yalitundikwa kwenye kuta za makumbusho makubwa ya New York. Nilisoma habari hizo nikafikiria lile shuka la kuanikia mihogo.

Lakini somo lililonisaidia kumaliza kazi lilitoka upande mwingine wa bahari, tena upande ulio karibu nasi zaidi. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, uzao wa Waafrika waliopelekwa huko zamani, wengi wao na Wareno kupitia Goa. Inaaminika kwamba wengi walitoka Msumbiji, nchi tunayoiona ng'ambo ya Ruvuma. Wanawake wao hushona shuka liitwalo kawandi. Binti wa dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu, aliniletea picha na maelezo, nikajifunza polepole.

Wao hawaungi kwanza vipande vyote ndipo watafute matabaka. Hutandika sari kuukuu, huanza kwenye ukingo, hukunja pindo hapo hapo, huweka kipande, hukunja kingo zake na kukishona moja kwa moja mpaka chini kwa mishono iliyonyooka. Kisha kipande kingine kando yake. Huzunguka pande zote nne wakiingia ndani, na kazi huishia katikati. Hawahitaji fremu wala meza, mapaja yanatosha. Pindo, lililotushinda mwishoni, kwao ni la kwanza. Na kila kipande kikishonwa kimekwisha kabisa. Ukiitwa jikoni au shambani, huachi nyuma kitu kinachoning'inia. Baada ya yote hubaki kitu kimoja: vipande vidogo vya kukunjwa pembe tatu, viitwavyo phula, yaani maua, hushonwa kwenye pembe nne za shuka. Bila maua hayo, husema wenyewe, shuka liko uchi.

Mama alipofariki tulikaa baada ya arobaini kugawana nguo zake, kama ilivyo desturi. Kanga nzuri zilipata wenyewe. Zilibaki zile zilizochakaa ambazo hakuna aliyezitaka, na nikaziomba. Nilizikata kwa namna ya kuacha kila jina likiwa zima, maneno yasikatike, na shuka lake la zamani nikaliweka ndani kuwa tabaka la katikati. Nilianza pembeni, Kisiddi. Kazi ile ilichukua misimu miwili ya mvua. Kuna wiki nilishona kanga moja tu nikaacha, maana nilikumbuka siku aliyoivaa. Lakini kwa kuwa kila kipande kilikuwa kimekamilika peke yake, kurudi hakukuwa kugumu. Niliposhona ua la nne nilikata uzi, nikalipeleka Newala kwa dada yangu mkubwa. Alilifunua, akayasoma majina yale moja moja kwa sauti, kisha akajifunika.

Sasa nawafundisha wasichana wawili wa jirani. Wameanza kuniuliza kwa nini tusinunue blanketi la dukani, ambalo ni jepesi na bei yake si kubwa. Swali hilo ni la haki, na siwajibu kwamba blanketi la dukani ni baya. Nawaambia habari za leso sita, za merikani, za waliofika chini ya milima ya Masasi wakiwa hawana ndugu, na za wale waliovushwa bahari wakaendelea kushona. Kisha nawapa sindano. Mwacha asili ni mtumwa, na asili yetu sisi watu wa huku ni ya watu waliochanwa wakajiunga wenyewe. Msomaji, kama una kazi yako iliyosimama ndani ya sanduku, itoe. Huna haja ya kuimaliza leo. Kaza pindo la upande mmoja tu, na kesho utajua pa kuanzia.