Bata, Sungura na Mchoraji Asiyejulikana

Kichwa ni kimoja, jicho moja. Ukimwona mnyama akielekea kushoto, ni bata aliyefungua mdomo. Ukimwona akielekea kulia, mdomo ule umekuwa masikio na bata amekuwa sungura. Wengi husimulia kwamba mchoro huu ulibuniwa na mwandishi wa Philosophical Investigations, kitabu cha falsafa kilichotoka 1953. Je, ndivyo?

Kitabu chenyewe kinakanusha. Sehemu yake ya pili inamtaja mwanasaikolojia wa Marekani na kitabu chake, Fact and Fable in Psychology, cha mwaka 1900. Nikageukia huko, nikidhani nimefika. Kumbe naye alishauchapisha mwaka 1899, akieleza kuwa ameutoa katika Harper's Weekly, jarida la New York. Wao waliupata wapi?

Toleo lao ni la Novemba 19, 1892, nalo linaelekeza Munich, Ujerumani, kwa jarida la vichekesho la Fliegende Blätter la Oktoba 23 mwaka huohuo. Hapo njia inakatika. Pana fumbo tu, likiuliza ni wanyama gani wanaofanana kuliko wote, na jibu: sungura na bata. Jina la mchoraji halipo. Basi kichekesho kiligeukaje hoja ya falsafa?

Mwanasaikolojia alikitumia kuonyesha kwamba hatuoni kwa jicho peke yake. Akili nayo huona. Mwanafalsafa akachimba zaidi. Wino ni uleule, hakuna mstari uliosogea, lakini ninachokiona kimebadilika. Wala sikisii kwamba huyu ni sungura; namwona. Sasa, ikiwa karatasi haijabadilika, kilichobadilika ni nini? Swali hilo ndilo lililonifanya niutafute mchoro huu, na bado naliona zito. Mwaka 1962, kitabu The Structure of Scientific Revolutions kikalipeleka kwenye sayansi: baada ya mapinduzi ya fikra, waliokuwa bata huonekana sungura. Kuanzia hapo wapo waliohitimisha kwamba kila mtazamo ni sahihi sawa na mwingine. Mchoro unaubeba mzigo huo?

Nimeutazama tena na tena, na jibu langu ni hapana. Mistari inayomkubali bata na sungura inamkataa tembo. Anayesema ameona tembo humo amekosea, hata autazame kutoka upande gani.