Pomboo wa Nungwi

Ijumaa ya tarehe 28 Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa ufukweni kati ya Kendwa na Nungwi, kaskazini ya Unguja. Baadhi ya wenyeji waliwapasua na kutoa maini, kwa ajili ya mafuta ya kupaka vyombo visipenye maji. Siwalaumu, ni ujuzi wa tangu mababu. Lakini kila ini lililotolewa liliondoka na sehemu ya ushahidi. Wataalamu walikuta matumbo ya pomboo hao hayana chakula, na kilichowaua hakikuthibitishwa.

Kumchunguza mnyama wa bahari aliyekwama pwani ni kazi yenye historia. Huko Uingereza, sheria ya karne ya 14 ilimfanya nyangumi aliyetupwa na mawimbi kuwa mali ya mfalme. Mwaka 1913 jumba la makumbusho la viumbe, London, chini ya usimamizi wa Sidney Harmer, likaanza kukusanya taarifa za wanyama hao kutoka kwa walinzi wa pwani. Mzoga ukaingia daftarini. Marekani nayo ilitunga sheria ya kuwalinda mamalia wa bahari mwaka 1972, na mwaka 1992 ikaongeza sehemu inayohusu wale wanaokwama. Vikosi vya kazi hiyo huko hutegemea sana watu wa kujitolea, na wanafunzi walio katika mafunzo ya vitendo.

Mwanafunzi anayekwenda huko akitumaini kupigwa picha amekumbatia pomboo, atashangaa. Ataosha ndoo, atakatakata samaki, atapokea simu. Atafundishwa kupima kwa mstari ulionyooka, toka ncha ya taya la juu hadi mkato wa katikati ya mkia. Akiufuata mviringo wa mgongo, atazidisha urefu. Kwa aliye hai, ataloweka ngozi lakini hatamwaga maji kwenye tundu la kupumulia, kwani pomboo huvuta hewa kama mimi na wewe. Wala hatamburuta kwa mkia.

Mwaka ule wa 2006, mkurugenzi wa uvuvi wa Zanzibar alitumia redio kuwaonya wananchi wasile nyama ya pomboo wale. Likitokea tena, sisi wa redio tuongeze maneno machache tu: msiwapasue kabla hawajapimwa.