Nyakati Ukutani: Chati za Biblia kando ya Ghuba ya Winam

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, mji huo ambao Waingereza waliuita Port Florence uligeuka lango la wamisionari, nao katika miaka michache wakagawana kingo za Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria: Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walijenga Kisumu penyewe, Waanglikana wa shirika la CMS wakafungua kituo cha Maseno mwaka 1906, na Novemba ya mwaka huohuo Waadventista Wasabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, mwinjilisti kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wakafika ufuo wa kusini na kuweka makao Gendia, karibu na Kendu Bay. Picha za Biblia zilikuwa chombo cha kawaida cha misheni zote za wakati huo, lakini Wasabato walitoka katika mapokeo yaliyozaliwa mbele ya chati.

Chati, kwa maana inayokusudiwa hapa, si picha ya kisa kimoja, kama Danieli katika tundu la simba, bali ni jedwali lenye michoro linalopanga maandiko na historia ya dunia katika mfuatano mmoja wa miaka, ili msomaji aone papo hapo ni dola ipi iliyotawala nabii fulani alipokuwa akinena. Iliyo mashuhuri zaidi katika mapokeo hayo ilitungwa na Charles Fitch na Apollos Hale, wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Miller, ambao kwao Wasabato walitokea baadaye, na mkutano wao uliofanyika Boston Mei 1842 ukaagiza nakala 300 zichapwe. Ndani yake ilisimama sanamu ya ndoto ya Nebukadreza, yenye kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma na nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo, na wanyama wa Danieli sura ya 7 wakaonyesha dola zilezile kwa sura nyingine: Babeli, Uajemi, Uyunani na Rumi.

Pamoja na michoro hiyo kulikuwa na hesabu, na hesabu kuu ilikuwa fupi mno. Siku 2300 za Danieli 8:14 zilichukuliwa kuwa miaka, zikaanzia mwaka 457 KK, wakati wa amri ya Artashasta mfalme wa Uajemi kuhusu Yerusalemu; 2300 kutoa 457 ni 1843, na huo ndio uliotarajiwa kuwa mwaka wa kurudi kwa Kristo. Baadaye ilibainika kwamba kalenda haina mwaka sifuri, kwa kuwa mwaka 1 KK hufuatwa moja kwa moja na mwaka 1 BK, hivyo hesabu ilikuwa imepungukiwa mwaka mmoja. Tarehe ikasogezwa hadi 22 Oktoba 1844, nayo ikapita vilevile. Jambo la kustaajabisha ni kwamba chati haikutupwa. Otis Nichols alichapa nyingine mwaka 1850, tarehe ya 1844 ikafasiriwa upya kuwa mwanzo wa huduma ya Kristo mbinguni, na sanamu ikabaki mahali pake.

Sanamu hiyo ilifaa sana kufundishia, kwani kutoka kichwani kwenda nyayoni ndiko kutoka zamani kuja sasa, na mwalimu mwenye kijiti angeweza kumpitisha hata asiyejua kusoma katika karne ishirini na tano. Carscallen alichapisha sarufi ya Kijaluo, lugha ya Wajaluo wa ufuo huo, mwaka 1910, na uchapaji ulioanzia Gendia ndio uliozaa Africa Herald Publishing House. Hata hivyo Agano Jipya kamili la Kijaluo lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1953, kwa hiyo kwa miongo mingi msikilizaji wa unabii wa Danieli alitegemea mchoro, kauli ya mwalimu, au Biblia ya Kiganda na ya Kiswahili. Katika mikutano ya injili ya Wasabato, ambayo wengi huiita efoti, sanamu hiyo bado husimamishwa mbele ya watu.

Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao si mdogo: nyayo zilifasiriwa kuwa falme za Ulaya, na ziwa halikuwamo. Watu wa ufuo huu hawakuwa wageni wa kupanga nyakati kwa mfuatano, maana nasaba, yaani orodha za majina kutoka mjukuu hadi babu wa mwanzo, ziliwarudisha hadi Ramogi na kilima chake cha Got Ramogi huko Yimbo. Mwaka uleule wa 1953 Shadrack Malo alitoa Dhoudi mag Central Nyanza, kitabu cha koo na nasaba zao. Na mwaka 1967 Bethwell Ogot, aliyesoma Maseno, akachapisha historia ya Wajaluo wa kusini ya miaka 1500 hadi 1900, akikadiria tarehe za uhamiaji kwa kuhesabu vizazi. Kazi hiyo ilihitaji tahadhari kama ile ya mwaka sifuri, kwa sababu katika nasaba majina ya katikati huweza kusahaulika, na ndugu wawili waliopokezana uongozi huweza kuhesabiwa kuwa baba na mwana, ukoo ukaongezewa kizazi ambacho hakikuwapo.