Nyota Aliyetokea Njia ya Songea

Ukipanda basi la alfajiri kutoka Mbeya kwenda Dar, hamfiki Chimala kabla kondakta hajawasha video. Ni filamu ya Kibongo: mama mkwe anasonya, binti analia. Safari moja jirani yangu, mzee wa Mafinga, alitazama weee, kisha akaniuliza, "Hivi mwanangu, nyota wa kwanza wa hizi picha zetu alikuwa nani?"

"Kawawa, mzee."

"Kawawa yupi? Simba wa Vita?" Akacheka. Alidhani namtania.

Wala sikumtania. Ni kweli Waafrika walishaigiza katika filamu za mafunzo zilizopigwa Vugiri, karibu na Korogwe, miaka ya 1930. Lakini filamu za hadithi za Kiswahili zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ikishirikiana na serikali ya kikoloni. Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Songea mwaka 1926, alikuwa mtumishi wa serikali kwenye ustawi wa jamii. Akapewa nafasi kubwa katika Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba na wajanja wa mjini.

Hakukaa sana mbele ya kamera. Mwaka 1955 alishakuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Dunia humtaja Ronald Reagan kila inapozungumzia mwigizaji aliyeshika nchi. Reagan aliingia Ikulu ya Marekani mwaka 1981. Sisi tulitangulia kwa miaka 19, na hatujisifu.

Kuna jambo jingine linalonikereketa. Serikali ambayo Kawawa alikuwa nguzo yake iliiona televisheni kuwa anasa. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila Bara tulisubiri mpaka 1994. Siwalaumu sana, nchi ilihitaji zahanati na madarasa. Lakini gharama yake ililipwa na waigizaji. Bibi yangu kule Iringa aliwajua Pwagu na Pwaguzi kwa sauti tu, kupitia Redio Tanzania. Kina mama walicheka jikoni, na hakuna aliyejua sura za wanaowachekesha.

Waliobaki na sura walikuwa wa jukwaani. Muungano, na kuanzia 1992 TOT ya Kapteni John Komba, walipanga usiku mmoja ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho na igizo. Wengine huko nje wana majumba maalumu ya michezo ya kuimba; sisi tulikuwa na hiyo, ukumbini, kwa kiingilio. Onyesho likiisha, limeisha. Aliyekosa, kakosa.

Ndiyo maana Steven Kanumba alitushika namna ile. Alitoka Shinyanga, akapita kundi la Kaole na michezo ya ITV, kisha filamu. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, nchi nzima ililia kwa sababu sura yake ilikuwa sebuleni kwetu, na mpaka leo ukitaka kumwona unamwona. Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa kwa heshima zote za kiongozi, na alistahili. Mwigizaji ndani yake alikuwa ameshasahaulika siku nyingi.

Makambako tulipita pale barabara inapochepuka kwenda Njombe na Songea. Nikamwonyesha mzee: huyo nyota wetu alitokea njia hii. Akaitazama kwa muda, kimya.

Tulipofika Mafinga alibeba kikapu chake, akasimama mlangoni. "Kijana," alimwambia kondakta, "siku nyingine tuwekee ile ya Kawawa."

Kondakta akapekua flashi yake, akatikisa kichwa. Hakuwa nayo.