Bonde la Sabaki: Matembezi mepesi yenye funzo zito

WASAFIRI wengi wanaotoka Malindi kuelekea Garsen na Lamu huuvuka Mto Sabaki bila kusimama. Huyatupia jicho maji mekundu yanayopita chini ya daraja, kisha gari likaendelea. Ni wachache wanaoshuka na kuufuata mto huo kwa miguu hadi unapoingia baharini, ilhali matembezi hayo hayamchoshi hata asiye na mazoea ya kutembea.

Sabaki ni jina la mwisho la mto wenye majina matatu. Huanzia katika nyanda za juu za kati ukiitwa Athi, na njiani hupokea maji ya Mto Nairobi. Hupita Ukambani, na unapoungana na Mto Tsavo ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki huitwa Galana. Ukikaribia pwani ndipo huitwa Sabaki. Urefu wake ni takriban kilomita 390, na ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana.

Njia yenyewe

Matembezi huanzia darajani, kilomita kama tano kaskazini mwa mji wa Malindi. Mtembezi hushika ukingo wa kaskazini, upande wa kijiji cha Sabaki, akifuata mkondo kuelekea mashariki huku mto ukiwa mkono wake wa kulia. Hakuna mlima wa kupanda. Njia hupita vichakani na kwenye malisho, kisha bonde hupanuka na kuwa tambarare ya matope, vidimbwi na mikoko.

Mbele yake ni mlango wa mto, ambapo maji ya kahawia hukutana na mawimbi ya Bahari Hindi. Hapo mtembezi hugeuka kushoto na kufuata ufuo kwa muda, halafu hugeuka tena kushoto na kurudi bara kupitia vilima vya mchanga hadi kijijini na darajani. Mzunguko mzima huchukua saa mbili au tatu kwa asiye na haraka.

Wageni wenye mabawa

Mlango wa Sabaki unatambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege. Makundi ya shakwe na membe hupumzika kwenye mafungu ya mchanga, na mara nyingine hutua flamingo, ambao Waswahili huwaita heroe. Ndege wa matopeni kutoka Ulaya na Asia huanza kuwasili mwezi wa Agosti wakikimbia baridi, na wengi hurejea kwao kufikia Aprili.

Wageni wengine hutokea upande wa pili. Kuna ndege mdogo wa rangi ya kahawia ambaye hutaga mayai Madagascar pekee, kisha huvuka bahari na kukaa pwani ya Afrika Mashariki kati ya Aprili na Septemba. Mlango wa Sabaki ni mojawapo ya mahali anapoonekana kwa wingi.

Udongo wa nani?

Matope yanayowalisha ndege hao hayakuzaliwa pwani. Ni udongo wa mashamba na malisho ya bara, uliokokotwa na mvua za masika na za vuli. Watafiti wamekadiria kuwa mto huu humwaga baharini mamilioni ya tani za udongo kila mwaka. Ukataji wa miti, kilimo kwenye miteremko na mifugo kupita kiasi katika karne ya 20 viliuongeza mzigo huo.

Athari zake zina sura mbili. Kwa upande mmoja, mchanga wa Sabaki umeusukuma ufuo wa Malindi kuelekea baharini, hata baadhi ya majengo yaliyojengwa karibu na maji sasa yako mbali nayo. Kwa upande mwingine, pepo za kaskazi zinapovuma, maji ya matope husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Matumbawe huhitaji mwanga wa jua; yanapofunikwa na tope hudhoofika, na samaki wanaoyategemea hupungua. Kusi inapovuma, matope hayo huelekea kaskazini, upande wa Mambrui.

Kwa hivyo mvuvi wa Malindi ana haja na jembe la mkulima wa Machakos. Matuta ya 'fanya juu', ambayo Wakamba wameyachimba kwa miongo mingi ili kuzuia mmomonyoko, huokoa shamba la bara na mwamba wa pwani kwa wakati mmoja.

Tahadhari

Wepesi wa njia usimfanye mtu azembee. Viboko huishi katika sehemu hii ya mto na hutoka majini kula nyasi usiku, hivyo si busara kutembea ukingoni kabla ya mapambazuko au baada ya magharibi. Mamba nao wamo mtoni. Mtu asioge wala asijaribu kuvuka kwa miguu.

Ni vyema kuulizia saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuondoka, hasa siku za bamvua, kwa kuwa tambarare ya matope hufunikwa upesi. Wakati wa mvua kubwa mto hufurika na njia ya ukingoni haifai. Kijana wa kijijini anayezijua njia ni mwongozaji bora kuliko ramani yoyote, kwani mlango wa mto huhama kila mafuriko yanapopita, na fungu la mchanga lililokuwapo mwaka jana huenda mwaka huu likawa kina cha maji.