Shamba la kahawa lililogeuka kiwanja cha gofu: jamaa ya Dinesen na mtaa wa Karen, Nairobi

Mtu wa Uvira akisikia gofu, anafikiria mchezo wa matajiri: fimbo, mpira mdogo mweupe, majani yaliyokatwa vizuri. Lakini gofu kwanza inataka udongo. Kiwanja cha mashimo 18 kinakula hekta makumi, na mara nyingi udongo ule ulikuwa na watu mbele. Mfano uko Nairobi, katika mtaa unaoitwa Karen.

Mchezo wenyewe uliletwa na Waingereza. Entebbe klabu ilianzishwa mwaka wa 1901, Nairobi 1906. Jamaa ya Dinesen ya Denmark haikuleta gofu. Ilileta kahawa, na kahawa ile ikashindwa.

Karen Dinesen, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Karen Blixen, alizaliwa 1885 katika jamaa yenye mali. Babu yake upande wa baba alikuwa mwenye Katholm, shamba kubwa la kule Denmark. Januari 1914 alifika Mombasa, akaolewa palepale na Bror von Blixen-Finecke, baron wa Sweden. Pesa za shamba zilitoka kwa jamaa, zaidi upande wa mama, akina Westenholz. Mjomba wake Aage Westenholz ndiye aliyesimamia kampuni, Karen Coffee Company. Kwa hiyo yeye alikaa shambani na kuongoza kazi, lakini neno la mwisho lilikuwa Denmark.

Shamba lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, hekta karibu 2.400. Kahawa ilichukua kama 240 tu. Penginepo palikuwa msitu, malisho, na mashamba madogo ya Wakikuyu waliokaa pale na jamaa zao. Sheria ya wakoloni iliwaita wageni juu ya ardhi ya mzungu: ili waruhusiwe kulima na kuchunga, walipaswa kumfanyia kazi siku 180 kila mwaka. Wageni namna gani? Karen mwenyewe aliandika kwamba wengi walizaliwa pale, na baba zao pia.

Kahawa haikupenda pale. Ni juu sana, baridi nyingi, mvua inakosa. Kiwanda cha kahawa kiliungua 1923, halafu bei ikaanguka duniani. Mwaka wa 1931 jamaa ilichoka kulipa, shamba likauzwa. Mnunuzi, Remy Martin, hakutaka kahawa. Alitaka kukata viwanja na kuwauzia Wazungu wajenge nyumba.

Mkaaji wa Kiliba, aliyeona kiwanda cha sukari kusimama miaka na miaka, anaelewa haraka swali linalofuata: kampuni ikianguka, watu waliokaa juu ya udongo wake wanaenda wapi? Wakikuyu wale waliambiwa watoke. Kununua ardhi ile sheria haikuwaruhusu. Waliomba jambo moja tu, wasitawanywe: wahamie pamoja, na ng'ombe zao, pahali pamoja. Karen alizunguka ofisi za serikali miezi mingi kwa ajili yao, kila mkubwa akimtuma kwa mwingine. Mwishoni serikali ilikubali kuwapa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Ni kidogo, lakini wengi wa wakati ule hawakupata hata hicho. Yeye alirudi Denmark mwaka huohuo, bila pesa.

Nyumba zikajengwa, na wenye nyumba wakataka pahali pa kuchezea. Mwaka wa 1937 Karen Country Club ilifunguliwa, kiwanja chake juu ya udongo wa kahawa ya zamani. Klabu za namna ile zilikuwa za Wazungu; Mwafrika aliingia kubeba mfuko wa fimbo, kukata majani, kupika. Kucheza kulingoja uhuru.

Leo Wakenya wanacheza pale. Mwaka wa 2019 mashindano ya Kenya Open yalichezwa Karen, mara ya kwanza yakihesabiwa katika msururu mkubwa wa gofu ya Ulaya, na Mwitalia Guido Migliozzi akashinda. Nyumba ya Karen Blixen haiko mbali na kiwanja. Tangu 1986 ni makumbusho ya taifa, na vilima vya Ngong vinaonekana kutoka barazani.